Kusafisha Nyumba Zilizochukuliwa na Benki Marekani: Namna ya Kuanza na Kupanga Bei

Kila wanapokutana Waswahili wanaofanya kazi za usafi huku Marekani, iwe Columbus, Louisville, Dallas au Des Moines, swali hili halikosi kuulizwa: zile nyumba za benki, watu wanatoza dola ngapi? Likijibiwa hilo, linafuata la pili: na mtu anaanzaje? Maswali haya yamekuwa mengi kiasi kwamba nimeona niandike majibu mara moja, kwa utaratibu, ili anayetaka kuanza asome akiwa na kalamu na kikokotoo mkononi.

Namwandikia mtu mwenye gari, nguvu zake na msaidizi mmoja au wawili, ambaye amechoka kusafisha maofisi ya wengine usiku na anataka kazi yake mwenyewe. Nitakaa zaidi kwenye bei, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Watu wetu ni wachapakazi, hilo halina ubishi. Lakini kuchapa kazi kwa bei mbaya kunamaliza gari, mgongo na urafiki na wasaidizi.

Kwa kifupi kazi yenyewe ni hii. Mtu akishindwa kulipa mkopo wa nyumba, mkopeshaji huichukua. Ohio na Kentucky jambo hili hupitia mahakamani na huchukua miezi mingi. Texas nyumba nyingi hunadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi bila kesi ndefu. Isiponunuliwa mnadani, nyumba hubaki mikononi mwa mkopeshaji, na katika biashara hii huitwa REO. Nyuma ya mlango utakuta makochi, magodoro, nguo, makopo ya rangi, na friji lililozimwa miezi mitatu likiwa na nyama ndani. Mmiliki mpya wa nyumba anataka kitolewe kila kitu, ifagiliwe, isafishwe, iweze kuuzwa. Kwa hiyo nusu ya kazi, na mara nyingi zaidi ya nusu, ni kubeba na kutupa. Ukiipangia bei kama usafi wa kawaida wa nyumba, umeshapotea.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Gari linaloweza kuvuta treila, au pikapu kubwa kwa kuanzia. Treila unaweza kukodi kwa siku. Usinunue kabla hujapata wateja watatu wa kudumu.

Turubai na mikanda ya kukazia mzigo. Mzigo usiofunikwa ni faini ya barabarani, na madampo mengine hukutoza zaidi ukifika wazi.

Mifuko mizito ya wakandarasi ya galoni 42, koleo bapa, mafagio ya aina mbili, toroli, mashine ya kufyonza vumbi na maji, nyundo, koleo la kukatia waya, bisibisi.

Maji yako mwenyewe na umeme wako mwenyewe. Nyumba hizi mara nyingi huduma zimekatwa. Beba galoni 20 au 30 za maji, jenereta ndogo, na taa za kichwani. Jenereta hukaa nje siku zote, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, nayo huua.

Barakoa ya P100, yaani yenye kichujio cha vumbi laini kabisa, miwani ya kazi, glavu zisizokatwa na kisu, buti za soli nene. Sindano zilizotumika ziko nyingi kwenye nyumba hizi kuliko unavyodhani.

Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha, pamoja na chaja ya akiba. Hiki ndicho kifaa kinachokulipa, utaona chini.

Na akiba ya fedha. Nitaeleza ni kiasi gani tukifika kwenye malipo.

HATUA YA 1: WEKA KARATASI SAWA

Anza na kibali chako cha kuishi na kufanya kazi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 asijaribu biashara hii kwa sababu rafiki yake anafanya. Kujiajiri bila ruhusa kunaweza kukuharibia mambo makubwa kuliko pesa. Mwenye hifadhi, mkimbizi, mwenye green card au raia hana tatizo hilo. Kama hujui uko kundi gani, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusajili chochote.

Kisha sajili kampuni, wengi huchagua LLC, yaani kampuni ambayo madeni yake hutenganishwa na mali yako binafsi, kwa ofisi ya jimbo lako. Ada hutofautiana sana: Kentucky ni dola 40, Ohio 99, Texas 300, Massachusetts 500. Fomu yenyewe ni kurasa chache na unaweza kuijaza mwenyewe mtandaoni. Baada ya hapo omba namba ya EIN, yaani namba ya kodi ya biashara, kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Namba hiyo ni ya bure. Ziko tovuti zinazojifanya ofisi ya serikali na kutoza mamia ya dola kwa namba hiyo hiyo. Watu wetu wengi wamelipa. Anwani halali huishia na .gov.

Fungua akaunti ya benki ya biashara peke yake. Pesa ya kodi ya nyumba yako na pesa ya dampo zisilale pamoja.

HATUA YA 2: KATA BIMA

Hakuna mteja wa maana atakayekupa funguo bila bima. Unayohitaji kwanza ni ile inayolipa ukivunja mali ya mtu au mtu akiumia kwa sababu ya kazi yako. Kampuni nyingi zinazogawa kazi za mabenki hudai kinga ya dola 1,000,000 kwa tukio moja, na nyingine hudai pia bima ya makosa ya kitaalamu, yaani ile inayolipa kama umekosea kufuata maagizo na mtu akapata hasara.

Mweleze wakala wa bima kazi yako ilivyo: kubeba na kutupa takataka kwenye nyumba tupu za benki, pamoja na usafi. Ukimwambia tu "nafanya usafi" ili ada ishuke, siku ya ajali watakuambia kazi hiyo haikuwemo kwenye mkataba. Bima ya gari nayo iwe ya biashara kama gari linavuta mizigo ya kazi. Ukiajiri, ulizia bima ya wafanyakazi. Sheria yake ni ya kila jimbo.

HATUA YA 3: CHAGUA UNAMFANYIA NANI KAZI

Kuna mlolongo. Benki humpa kazi kampuni kubwa ya kitaifa inayotunza nyumba. Safeguard Properties na MCS ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Kampuni hiyo humpa mkandarasi wa eneo, naye humpa mkandarasi mdogo, ambaye pengine ndiye wewe. Kila mkono unaopitia hukata sehemu yake. Nyumba ni ile ile na takataka ni zile zile, lakini dola hupungua kila inaposhuka ngazi.

Ushauri wangu uko wazi: usianzie chini kabisa ya mlolongo huo. Anza na watu walio karibu na pesa. Kuna madalali wa nyumba wanaouza nyumba za benki. Majina yao yameandikwa kwenye kila tangazo la HomePath, tovuti ya nyumba za shirika la mikopo la Fannie Mae, na kwenye HUD Homestore, tovuti ya nyumba za wizara ya makazi. Kuna wawekezaji wanaonunua mnadani na wanataka nyumba iwe tupu wiki hiyo hiyo. Kuna pia wasimamizi wa nyumba za kupanga, ambao mpangaji akihamishwa wanahitaji kazi hiyo hiyo. Hawa hulipa haraka na unajadiliana nao uso kwa uso.

Kampuni za kitaifa zina faida moja, nayo ni wingi wa kazi. Zifikirie baada ya miezi kadhaa, ukiwa umezoea kupiga picha na kupima ujazo. Nyingi hudai uchunguzi wa rekodi ya jinai kwa kila atakayeingia ndani ya nyumba, kwa hiyo usimpeleke binamu ambaye hajasajiliwa.

Ukimfuata dalali, usiandike barua ndefu. Mpe karatasi moja: jina la kampuni, uthibitisho wa bima, kata (county) au miji unayofika, huduma zako, na picha nne za kabla na baada. Huna picha? Safisha gereji ya jirani au chumba cha chini cha mtu wa kanisani au msikitini kwako, upate.

HATUA YA 4: KAGUA NA PIMA UJAZO

Bei ya kubeba takataka huhesabiwa kwa yadi ya ujazo: urefu futi 3, upana futi 3, kimo futi 3, yaani futi za ujazo 27. Jifunze kipimo hiki mpaka ukiingia chumbani unaona yadi, huoni "vitu vingi".

Kanuni ni hii: pima rundo kwa futi, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, gawanya kwa 27. Rundo la futi 10 kwa 9 lenye kimo cha futi 3 ni 270. Gawanya kwa 27, unapata yadi 10.

Vipimo vya kukariri: godoro la malkia, lile la inchi 60 kwa 80, lenye unene wa inchi 10, ni karibu yadi 1. Kochi la watu watatu ni kama yadi 2. Friji kubwa ni karibu yadi 1 na nusu hadi 2. Pikapu yenye sehemu ya mizigo ya futi 8, ikijazwa usawa wa kingo, hubeba kama yadi 2 hadi 2 na nusu. Treila ya futi 7 kwa 14 yenye kuta za futi 4 hubeba karibu yadi 14 na nusu.

Hapo kuna mtego. Treila inaweza kuwa na nafasi lakini isiwe na uwezo. Zulia lililolowa, vitabu, udongo na vigae ni vizito. Utavuka uzito wa ekseli kabla hujajaza nusu. Soma kibao cha uzito kilichobandikwa kwenye treila.

Ukikagua, fungua kila mlango: stoo, dari, chumba cha chini, banda la nyuma, chini ya veranda. Makosa mengi ya bei huzaliwa mahali ambapo mtu hakufungua. Hesabu kando vitu vinavyotozwa peke yake: matairi, mafriji na viyoyozi, televisheni za zamani, rangi, mitungi ya gesi, betri, magodoro. Massachusetts, kwa mfano, ilipiga marufuku kutupa magodoro kwenye takataka za kawaida tangu Novemba 2022, kwa hiyo huko kila godoro lina gharama yake.

Angalia pia nyumba ilijengwa mwaka gani. Kabla ya 1978 rangi inaweza kuwa na risasi. Kubeba makochi hakuna shida, lakini usikubali kukwangua au kubomoa kuta bila cheti kinachotakiwa na EPA, shirika la serikali la mazingira.

HATUA YA 5: PIGA HESABU YA BEI

Hapa ndipo pa kutulia. Bei haianzi na jirani anatoza ngapi. Inaanza na wewe unatumia ngapi.

Tuchukue mfano. Nyumba ya vyumba vitatu, takataka yadi 20, usafi wa kawaida baada ya kutoa vitu. Tarakimu nimeziweka ili uone njia. Weka za mji wako.

Kazi: watu wawili kwa saa 8 ni saa 16. Kwa dola 18 kwa saa, ni dola 288. Ongeza kodi za mwajiri na bima ya wafanyakazi, tuseme asilimia 15, dola 43. Jumla 331. Wewe mwenyewe umo kwenye saa hizo 16. Usijifanye mfanyakazi wa bure. Siku ukiumwa utalazimika kumlipa mtu afanye sehemu yako.

Dampo: safari mbili, kila moja tani moja, kwa dola 65 kwa tani. Jumla 130.

Mafuta ya gari na jenereta: 60.

Mifuko, dawa, glavu, vichujio vya barakoa: 35.

Sehemu ya gharama za mwezi: bima 150, simu 60, matengenezo na matairi 250, mengineyo 40, jumla 500 kwa mwezi. Kama unafanya nyumba 10 kwa mwezi, kila nyumba inabeba dola 50. Kama unafanya mbili, kila moja inabeba 250, na hili wanaoanza hulisahau.

Jumla ya gharama: dola 606.

Sasa faida. Tuseme unataka asilimia 30 ya bei ibaki kwenye kampuni. Wengi huzidisha 606 kwa 1.3 na kupata 788. Hapo faida ni 182, ambayo ni asilimia 23 tu ya bei. Njia sahihi ni kugawanya: 606 gawanya kwa 0.70, unapata 866. Andika dola 870.

Baada ya hapo ndipo utazame soko. Tuseme kampuni moja inakupa kazi hiyo hiyo kwa dola 30 kwa yadi na dola 150 za usafi. Yadi 20 ni 600, jumla 750. Inabaki 144 juu ya gharama, karibu asilimia 19. Haijawa hasara, unaweza kuichukua kama kazi zimepungua. Lakini kumbuka wakikukata dola 150 kwa picha iliyokosekana, umeshinda kutwa bila kupata kitu. Wakikupa dola 20 kwa yadi, sema asante na uache. Kuna mtu atakayeichukua, nawe usimwonee wivu.

Bei ya chini iwepo. Hata kama ni godoro moja na mifuko mitatu, gari limewaka na mtu ametoka nyumbani. Piga hesabu ya safari fupi kabisa kwa njia hiyo hiyo, hiyo ndiyo bei yako ya chini, na usishuke hapo kwa dalali yeyote.

Tahadhari: usitaje bei kwa simu kabla ya kuona nyumba au picha za kila chumba. "Ni vitu vichache tu" ni maneno ambayo yameshatoa watu machozi.

HATUA YA 6: ANDIKA BEI VIZURI

Karatasi ya bei iwe na anwani, tarehe, idadi ya yadi, bei kwa yadi, usafi kando, vitu vya ada maalumu kando, na sentensi mbili muhimu. Ya kwanza: "Bei hii ni ya ujazo wa yadi 20, ukizidi, kila yadi itatozwa dola kadhaa baada ya kibali cha maandishi." Ya pili: malipo ni lini. Kwa mwekezaji mpya omba nusu kabla ya kuanza. Dalali wa benki mara nyingi hawezi kutoa nusu, lakini anaweza kukuambia tarehe.

Usianze mpaka upate jibu kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, maneno ya mdomo hayatoshi.

HATUA YA 7: SIKU YA KAZI

Kwanza kabisa, hakikisha nyumba ni tupu na una ruhusa ya kutoa vitu. Hili si jambo la adabu tu, ni sheria. Mpangaji halali wa nyumba iliyochukuliwa ana haki chini ya sheria ya shirikisho ya 2009, iliyofanywa ya kudumu mwaka 2018, ikiwemo notisi ya angalau siku 90. Na mali ya aliyehama ina taratibu zake kwa kila jimbo. Ukiona taa inawaka, chakula kibichi au kitanda kilichotandikwa, toka nje, funga mlango, mpigie aliyekutuma. Usibishane na mtu aliyemo ndani.

Pili, picha. Piga namba ya nyumba, kisha kila chumba kutoka pembe zake, kabla hujagusa kitu. Kumbuka uliposimama, maana picha ya baada lazima ipigwe kutoka hapo hapo. Katikati ya kazi piga watu wakibeba, treila tupu, treila iliyojaa na namba yake ikionekana. Picha mia na zaidi kwa nyumba moja ni kawaida. Anayekulipa hatafika kwenye nyumba hiyo kamwe. Kwake, kisichopigwa picha hakikufanyika.

Tatu, friji. Usilifungue. Lizungushie mkanda wa gundi mzito, lifunge na blanketi, litoe likiwa limesimama. Ukilifungua ndani, harufu itaingia kwenye mazulia na utalipa wewe. Gesi yake lazima itolewe kwa kifaa maalumu, isiachiwe hewani, kwa hiyo peleka mahali panapokubali mafriji na utunze risiti.

Nne, vitu vya watu. Picha za familia, vyeti, pasipoti, majivu ya marehemu, medali: weka pembeni kwenye sanduku moja, piga picha, mjulishe aliyekutuma na usubiri maelekezo. Nawaomba sana wenzangu mlichukulie hili kwa uzito. Aliyeishi hapo amepoteza nyumba, na sisi wengi tunajua maana ya kuondoka mahali bila kubeba kila kitu. Silaha usiguse; piga simu. Dawa usichukue. Televisheni nzuri uliyoipenda nayo si yako mpaka uambiwe kwa maandishi kwamba vyote ni vya kutupwa.

Tano, choo. Katika majimbo ya baridi, nyumba nyingi huondolewa maji ya mabomba na kuwekwa dawa ya kuzuia kuganda. Utaona karatasi iliyobandikwa. Hapo usifungue maji na usitumie choo, hata kama umebanwa. Panga mapema pa kwenda.

HATUA YA 8: USAFI WENYEWE

Anza juu, shuka chini. Anza nyuma, tokea mlango wa mbele. Ondoa misumari na ndoano, pangusa rafu na droo ndani na nje, jiko, vyoo, vioo, feni za dari, mwisho sakafu. Usichanganye kamwe dawa yenye klorini na yenye amonia. Hewa inayotoka inaharibu mapafu, na nyumba hizi mara nyingi madirisha yamegongwa mbao.

Ukungu wa ukutani usiupake dawa kimyakimya. Piga picha, pima eneo, toa taarifa. EPA inasema eneo lisilozidi futi za mraba 10 mtu wa kawaida anaweza kulishughulikia. Zaidi ya hapo ni kazi ya wenye ujuzi, na ina bei yake.

Ukimaliza, funga, rudisha ufunguo kwenye kisanduku chake, piga picha kisanduku kikiwa kimefungwa.

HATUA YA 9: DAMPO, ANKARA NA AKIBA

Risiti ya dampo ni sehemu ya ankara yako. Usitupe takataka kwenye pipa la duka la mtu au kando ya barabara. Anwani za barua zilizomo kwenye mifuko zitawaleta polisi kwenye nyumba uliyosafisha, na kutoka hapo kwako. Rangi na kemikali: vituo vingi vya kata vya kupokea taka za sumu ni vya wakazi na havipokei za biashara, basi ulizia kabla ya kupakia.

Tuma ankara siku hiyo hiyo pamoja na picha na risiti. Madalali na wawekezaji wanaweza kulipa ndani ya wiki. Mlolongo wa kampuni kubwa hulipa baada ya siku 30, 45, hata zaidi. Hapa ndipo akiba inapohitajika. Kwa mfano wetu, kila nyumba inakula dola 556 za papo kwa papo, ukiondoa gharama za mwezi. Nyumba 10 kwa mwezi ni 5,560. Ukisubiri siku 45, unahitaji zaidi ya dola 8,000 zimeshatoka mfukoni kabla senti ya kwanza haijarudi. Watu hufunga biashara hii wakiwa na kazi nyingi, kwa sababu tu pesa iko njiani. Kama huna akiba hiyo, chukua nyumba mbili tatu za wanaolipa haraka na ukue taratibu.

Kutoka kila malipo, weka pembeni asilimia 25 hadi 30 ya faida kwa ajili ya kodi. Aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni, juu ya kodi ya mapato, na IRS inataka malipo ya robo mwaka: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Andika maili zako zote za kazi, zinapunguza kodi.

KAMA MAMBO HAYAENDI

Takataka zimezidi makadirio. Simama. Usibebe kwanza ukaomba baadaye. Piga picha za kilichozidi, pima, tuma bei ya ziada, fanya kingine mpaka ujibiwe.

Kila bei unayotoa inakataliwa. Muulize dalali kwa upole bei iliyoshinda ilikuwa na nini ndani. Mara nyingi utakuta mwenzako hakuweka usafi, au dampo lake liko karibu. Punguza umbali kabla ya kupunguza bei: nyumba zote za siku moja ziwe upande mmoja wa mji.

Picha zimekataliwa. Rudi siku hiyo hiyo kama ni karibu. Kama chumba kilishabadilika, tuma zile za katikati ya kazi na risiti za dampo, na ujibu kwa maandishi kabla muda waliokupa haujaisha. Wanaonyamaza ndio wanaokatwa.

Msaidizi anataka alipwe taslimu bila karatasi. Mwajiriwa au mkandarasi, amua ni yupi kwa kufuata sheria, kisha toa fomu zake. Kama unampangia saa, unampa vifaa na unamwelekeza kila hatua, huyo ni mwajiriwa hata kama mmekubaliana vingine. Akiumia ngazini bila bima, deni ni lako.

Mteja halipi. Tuma ankara tena na tarehe ya mwisho, kisha barua iliyosajiliwa. Akiendelea kunyamaza, mahakama ya madai madogo ipo na huhitaji wakili: Texas husikiliza hadi dola 20,000, Ohio hadi 6,000. Nenda na karatasi ya bei, ujumbe wa kukubali, picha za kabla na baada, na risiti za dampo. Kama umefuata hatua ya 6 na ya 7, faili hilo unalo tayari kwenye simu.